Ukibaguliwa kazini kwa sababu ulikuwa jeshini: la kufanya ukiwa Malindi au Lamu

Mwanajeshi mstaafu anayetafuta kazi pwani mara nyingi huelekezwa kwenye ulinzi, na hata huko anaweza kukataliwa. Ziko hoteli za Malindi na Watamu zinazompenda kwa nidhamu yake, na ziko zinazomkwepa kwa sababu hiyo hiyo ya kutoka kambini. Maneno ni yale yale: "aliyetoka Somalia kichwa chake hakiko sawa", "wageni watakuogopa", "wewe umezoea amri, hutakubali kuongozwa na kijana". Lamu husikika na lingine, kwamba kumweka askari wa zamani dukani au kwenye boti ni kujiitia wavamizi.

Maelezo haya ni kwa aliyenyimwa kazi, aliyepunguziwa zamu, aliyebezwa hadi akataka kuondoka, na aliyefutwa. Askari wa akiba tumewatengea sehemu yao, kwa kuwa shida yao ni ya aina nyingine.

Sheria inakulinda kupitia wapi

Hapa ndipo wengi hupotea. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi na dhidi ya anayeomba kazi, kisha kinataja misingi yake: rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa au mengineyo, uraia, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili na hali ya HIV. Utumishi wa kijeshi haumo. Ukiandika tu "nimebaguliwa kwa kuwa ni mwanajeshi mstaafu" ukaishia hapo, wakili wa mwajiri atasoma orodha hiyo kwa sauti na utabaki bila jibu.

Sikiliza vizuri neno alilolitumia mwajiri. Anayesema kichwa chako hakiko sawa amegusa hali ya akili, na hiyo imetajwa kwa jina. Huhitaji kuwa mgonjwa kweli. Kukudhania ugonjwa bila kipimo chochote na kukunyima kazi kwa dhana hiyo ni hoja yenye uzito. Anayekukataa kwa mguu uliopata jeraha vitani amegusa ulemavu. Anayesema "Mbajuni aliyefunzwa bunduki simtaki kwangu" amegusa asili ya kikabila. Anayesema umestaafu kwa hiyo umezeeka amegusa umri, ambao haumo katika kifungu cha 5 lakini umo katika Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010.

Ibara hiyo ya 27 ndiyo tegemeo lako la pili. Inakataza ubaguzi kwa msingi wowote, "ikiwemo" ile iliyotajwa, na inambana mtu binafsi pia, si serikali peke yake. Kwa hiyo orodha ya Katiba haijafungwa, na utumishi wa kijeshi unaweza kuombwa uingizwe humo. Itumie kama nyongeza. Msingi uliotajwa waziwazi uwe mbele, hoja ya utumishi wako ifuate, na Ibara ya 41 kuhusu haki katika kazi ije mwisho.

Faida kubwa ya kifungu cha 5 ni kwamba ubaguzi unapodaiwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Hilo halikuondolei wewe kazi yote. Ni lazima kwanza uonyeshe jambo linaloeleweka: nani alisema nini, lini, na nani mwenye sifa kama zako alitendewa tofauti. Mwajiri naye anaruhusiwa kujitetea kwamba sharti lake linatokana na kazi yenyewe. Nahodha wa boti ya abiria anahitaji macho mazuri, na kumpima macho si ubaguzi. Kumpima akili mstaafu peke yake huku manahodha wengine hawapimwi, huo ni ubaguzi.

Mambo matatu usiyachanganye na haya. Sheria ya Ajira haitumiki kwa utumishi ndani ya jeshi lenyewe, kwa hiyo kama ugomvi wako ni namna ulivyoondolewa KDF, jeshi la Kenya, hii si njia yake. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 inahusu maslahi ya wastaafu kwa upande wa serikali; itaje ukipenda, ila usiijenge kesi dhidi ya hoteli juu yake. Na ile sheria ya Marekani ya 1994 inayomhakikishia askari wa akiba kurudi kwenye kazi yake ni ya Marekani. Mkenya aliyeajiriwa na kampuni ya kandarasi huko Manda, kwenye kambi ya Wamarekani, aanze na sheria za Kenya.

Kabla ya kuajiriwa: usaili

Weka pamoja cheti chako cha utumishi wa jeshi, kitambulisho, vyeti vya mafunzo, na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI. Kama ni kazi ya ulinzi, usajili wa PSRA, mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi chini ya sheria ya 2016, uwe tayari kabla hujaitwa. Mwajiri asiyetaka mstaafu hufurahi kupata karatasi iliyokosekana, kwa sababu hapo hahitaji kutoa sababu nyingine.

Usidanganye namna ulivyotoka jeshini. Uongo kwenye fomu ya kazi ukigunduliwa miaka miwili baadaye unampa mwajiri sababu halali ya kukufuta, na ubaguzi wote uliotangulia utafunikwa nao. Kama uliondoka kwa sababu za kiafya, sema hivyo kwa ufupi. Huna wajibu wa kumpa faili yako ya hospitali ya jeshi. Taarifa za afya zinalindwa zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayezitaka aeleze kwa nini kazi hiyo inazihitaji.

Swali la "umewahi kuua?" bado huulizwa. Lijibu bila hasira: "Mambo ya operesheni siruhusiwi kuyazungumza, lakini naweza kueleza kazi nilizosimamia na idadi ya watu niliowaongoza." Ukitoka, andika swali hilo neno kwa neno, jina la aliyeuliza, na waliokuwa chumbani. Ukikataliwa, tuma barua pepe ya heshima ukiomba kujua kigezo ulichokosa. Si lazima wajibu, lakini wakijibu "tunatafuta mtu wa haiba tulivu zaidi", sentensi hiyo ni ushahidi.

Kazi za msimu, ambako ubaguzi hujificha

Hoteli nyingi za Malindi na Watamu hupunguza wafanyakazi mvua za masika zinapoanza, Aprili hadi Juni, kisha huwaita Julai. Mkataba wa msimu ukimalizika umemalizika, na kwa kawaida mahakama hazimlazimishi mwajiri kuuhuisha. Mwajiri anayejua hivyo hana haja ya kukufuta. Anakuacha tu nje Julai.

Hapo "nilinyimwa mkataba" haitoshi. Fanya hesabu ya waliorudi. Chukua karatasi, andika majina ya wote wa idara yako waliokuwapo mwezi Machi, kila mmoja na cheo chake, miaka yake kazini, barua za onyo alizopata, na kama ameitwa. Tuseme mabawabu walikuwa wanane, saba wameitwa, na aliyeachwa ni wewe mwenye miaka mitano bila onyo hata moja, ilhali mmoja wa walioitwa aliwahi kukutwa amelala lindoni. Karatasi hiyo moja inasema zaidi ya kurasa kumi za malalamiko. Tafuta pia kama mtu mpya ameajiriwa kwenye nafasi yako na lini, kwa sababu "kazi imepungua" na "tumeajiri mtu mpya" haviendi pamoja.

Kibarua anayelipwa kwa siku naye asijione hana haki. Chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au anayefanya kazi ambayo kwa jumla haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Rekodi za M-Pesa za malipo yako ndizo zitakazoonyesha mfululizo huo. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi yote sasa, usingoje simu ipotee.

Ushahidi: siku saba za kwanza

Andika siku hiyo hiyo. Tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa, na waliosikia. Kama yalitamkwa kwa Kigiriama au Kiamu, yaandike kwa lugha hiyo, tafsiri itafanywa baadaye. Maneno yaliyolainishwa hupoteza nguvu. "Alinitukana" haisaidii, "Alisema: wewe wa Somalia utakuja kutuua siku moja" inasaidia.

Ujumbe wa WhatsApp usiufute na usiubadilishe. Hifadhi mazungumzo yote, si sehemu inayokufurahisha tu, maana upande wa pili utaleta iliyobaki. Weka simu yenyewe, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki mahakamani huambatana na cheti kinachoeleza umetolewa kwenye kifaa gani, nani aliutoa na namna gani. Picha ya skrini iliyopita kwa watu watatu kabla ya kukufikia ni rahisi kupingwa. Kurekodi watu kwa siri hatukushauri: sauti hiyo inaweza kukataliwa kwa kuvunja faragha, na mwajiri atapata la kukushtaki nalo. Andika kumbukumbu, kisha mtumie meneja ujumbe mfupi wa kuthibitisha: "Kama ulivyoniambia leo asubuhi, nimeondolewa mlango mkuu kwa sababu nilikuwa jeshini. Naomba unijulishe kama nimekuelewa vibaya." Akinyamaza, ujumbe wako unabaki. Akijibu, bora zaidi.

Una haki pia ya kuomba taarifa zako binafsi zilizo kwa mwajiri: faili ya kazi, tathmini, ripoti ya usalama iliyoandikwa juu yako. Kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinampa siku 7 kujibu. Taja unachotaka kwa tarehe na kwa aina. Ombi la "kila kitu" huzua kisingizio.

Barua kwa mwajiri

Iwe ukurasa mmoja, bila matusi, bila historia ya vita. Mfano wa kiini chake:

"Tarehe 14 Julai, saa moja asubuhi, msimamizi wa zamu aliniondoa mlango mkuu mbele ya wenzangu wawili akisema, 'waliotoka Somalia hukasirika haraka'. Tangu nianze kazi hapa sijapata barua ya onyo, na sijapimwa na daktari yeyote kwa niaba ya hoteli. Naomba nielezwe kwa maandishi kufikia tarehe 21 Julai sababu ya kuondolewa, kigezo kilichotumika kwa mabawabu wengine, na kama kuna ripoti yoyote iliyotegemewa. Naomba pia nirudishwe kwenye zamu yangu wakati suala hili likishughulikiwa. Barua hii ni lalamiko la ubaguzi chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira."

Sentensi ya mwisho isikosekane. Kifungu cha 46 kinasema kumfuta mfanyakazi kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali, isipokuwa lalamiko liwe la kizembe na lisilo na msingi. Barua isiyotaja kwamba ni lalamiko inamwachia mwajiri nafasi ya kusema hakujua. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Ukiitwa kujieleza

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza kimwili, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama umtakaye, na awasikilize nyote wawili. Mstaafu aliyezoea kusimama wima na kujibu "ndiyo, mkuu" hujidhuru hapa. Omba muda wa kutosha kujiandaa. Omba tuhuma kwa maandishi. Nenda na mwenzako, usiende peke yako kwa kuona aibu kumwingiza mtu. Sema wazi kwenye kikao kwamba unaamini sababu halisi ni utumishi wako au hali unayodhaniwa kuwa nayo, na uombe iandikwe. Usipolisema hapo, baadaye litaonekana limebuniwa.

Hasira ndiyo mtego mkubwa. Mwajiri anayetaka kuthibitisha kwamba wastaafu hukasirika anahitaji dakika moja tu ya wewe kupiga meza. Ukihisi damu inapanda, omba dakika kumi za mapumziko na ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Usitie saini barua ya kujiuzulu iliyoandikwa na mwingine. Usitie saini hati inayosema umelipwa vyote na huna dai zaidi, hata kama ndiyo sharti la kupokea mshahara wa mwezi. Mahakama huziheshimu hati hizo zikionekana zilisainiwa kwa hiari. Ukibanwa, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea kiasi hiki bila kuacha madai yangu mengine," na upige picha. Kama kazi imefanywa isivumilike na unataka kuondoka, tanguliza barua ya kulalamika, wape muda wa kujibu, ndipo uondoke ukitaja sababu hizo hizo. Aliyejiondoa kimya ana kazi ngumu kuonyesha kwamba alilazimishwa.

Askari wa akiba

Polisi wa akiba vijijini Lamu na wa akiba wa jeshi hukumbana na lingine: wanaitwa, wanakwenda, wakirudi wanaambiwa walitoroka kazi. Kutokuwepo kazini "bila ruhusa au sababu nyingine halali" ni kosa linaloruhusu kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44. Ulinzi wako uko kwenye maneno "sababu halali", nayo yanahitaji karatasi. Omba wito kwa maandishi kutoka kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, au kamanda wako, wenye tarehe ya kuanza na, ikiwezekana, ya kumaliza. Mpe mwajiri nakala kabla ya kuondoka. Wito ukija usiku, tuma ujumbe usiku huo, na karatasi ifuate. Ukirudi, beba barua inayothibitisha siku ulizokuwa kazini huko. Mwajiri hatakiwi kukisia ulikuwa wapi.

Zungumzeni mapema pia kama siku hizo zitahesabiwa likizo ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi zenye malipo, au likizo isiyo na malipo. Makubaliano ya mdomo na mwenye boti husahaulika samaki wakiwa wengi, kwa hiyo yawekeni kwenye ujumbe wa simu.

Ofisi ya leba na mahakama

Ukifutwa, una miezi mitatu ya kupeleka lalamiko kwa afisa wa leba. Beba mkataba au rekodi za M-Pesa, barua zote, ile karatasi ya waliorudi, na maelezo yako ya kurasa mbili yaliyopangwa kwa tarehe. Afisa huita pande zote na kujaribu upatanisho. Kwa mshahara usiolipwa na notisi, njia hii mara nyingi inatosha. Kwa fidia ya ubaguzi haitoshi, kwa sababu anachopendekeza afisa hakina nguvu ya hukumu.

Kosa la kusikitisha ni kuketi ukingoja upatanisho usioisha. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu tukio, na mazungumzo hayausimamishi. Weka tarehe hiyo ukutani. Unaruhusiwa kwenda mahakamani moja kwa moja bila kupitia leba.

Kama mshahara wako wa jumla hauzidi Sh80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na hakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi au zaidi. Zaidi ya hapo, Mahakama ya Ajira na Leba ina kituo Malindi. Kwa mkazi wa Amu, hilo lina maana ya boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen, na mashahidi wawili wa kulipiwa nauli. Uliza mapema kama vikao vya mwanzo vinaweza kufanywa kwa video, na hifadhi safari kwa siku ya ushahidi. Asiye na wakili ajaribu huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, nacho kinafaa kuulizwa kuhusu barua za kuthibitisha utumishi.

Piga hesabu ya dai kwa uhalisi. Bawabu wa Sh24,000 anaweza kudai notisi ya mwezi mmoja, Sh24,000. Likizo ya mwaka mmoja isiyochukuliwa ni 24,000 kugawa kwa siku 26 za kazi za mwezi, mara 21, yaani karibu Sh19,385. Fidia ya kufutwa isivyo haki ina kikomo cha mishahara ya miezi 12, hapa Sh288,000, na hicho ni kikomo, si kiwango cha kawaida. Anayetaja Sh288,000 bila kueleza kwa nini anastahili kikomo hupewa pungufu. Fidia ya ubaguzi iombwe peke yake, kwa aya yake na ushahidi wake. Ikichanganywa na kufutwa, humezwa humo.

Hata ukishindwa, dai cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51. Mwajiri analazimika kukupa kikiwa na jina lako, tarehe za kuanza na kuacha, na aina ya kazi uliyofanya. Halazimiki kukusifu. Kisome kabla ya kukipokea: kikiwa na neno lolote juu ya Somalia, hasira au afya yako, kirudishe siku hiyo hiyo kwa barua, na uombe kingine.